Bango la Expo 58: kabla hujatoa hela, angalia herufi

Watu wakija kunitembelea hapa Brussels wananiuliza sana kuhusu mabango ya maonyesho ya dunia ya 1958, yale yenye nyota ya pembe tano iliyopinda pinda ambayo aliibuni Lucien De Roeck, ukiitazama vizuri kuna namba 58 na ukumbi wa jiji humo humo. Wengi wanataka la kwao, sasa shida ni kwamba kopi zimejaa.

Kwanza usidanganyike na karatasi kuwa ya njano, hiyo hata chai inafanya. Beba kioo cha kukuzia, kile kidogo cha mafundi saa kinatosha kabisa, na ukishakishika achana na picha, nenda kwenye herufi na sehemu zenye rangi moja tupu. Kwenye orijino herufi imejaa wino na kingo zake ni safi. Kopi iliyoskaniwa utakuta herufi yenyewe imeundwa kwa vidoti vya rangi rangi na kingo zina ukungu, hapo mrudishie mwenyewe taratibu uende zako. Ila picha kuwa na vidoti sio kesi, uchapaji wa ofseti, ule wa mashine unaotoa picha kwa vidoti, ulikuwepo tangu enzi hizo.

Halafu cheki ukingo wa chini, mara nyingi jina la kiwanda kilichochapa liko pale kwa maandishi ya kusoma kwa shida. Ukingo ukiwa umekatwa, shusha bei. Mikunjo mimi hainisumbui, mabango mengi yalikunjwa tu yatumwe kwa posta.

Pale soko la mitumba la Place du Jeu de Balle nenda asubuhi, na usishike bango moja tu muda mrefu maana muuzaji anakusoma.

La kwangu liko koridoni. Mgeni akilisifia namwambia na upande wa pili: kwenye maonyesho hayo hayo Wabelgiji waliweka Wakongo ndani ya kijiji cha maonyesho, watazamaji wakawa wanawarushia ndizi na karanga mpaka Wakongo wakachoka wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Wengine wananiambia basi litoe ukutani, mimi naona likae na watu waulize.

Kwenye fremu usikubali fundi alibandike kwa gundi kwenye mbao, halitoki tena hilo na thamani imekwenda. Kioo kisigusane na karatasi, na jua la dirishani lisilifikie, rangi zinapauka haraka sana.