Ukipewa uhusika wa kijana aliyevurugikiwa, usikimbilie kulia

Nafasi yangu ya kwanza kubwa jukwaani ilikuwa ya kijana anayerudi kwa wazazi wake baada ya miezi kadhaa kwenye soba hausi, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Nililia tangu onyesho la pili. Nilitetemesha mikono, nikapiga meza, nikapaza sauti mpaka koo likakauka. Tulipomaliza, mama mtu mzima aliyecheza kama mama yangu akanivuta pembeni: "Mwanangu, umelia mpaka umemaliza na machozi yetu. Watu wamebaki wanakutazama tu." Iliniuma, lakini alisema kweli.

Aliyenifungua macho ni Timothy Hutton katika Ordinary People, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1980 iliyoongozwa na Robert Redford. Anacheza Conrad, mtoto wa familia yenye uwezo huko Lake Forest, karibu na Chicago. Mashua ilipinduka kwenye dhoruba, kaka yake akafa maji, yeye akapona. Baadaye alijaribu kujiua, akalazwa hospitali miezi minne. Filamu inapoanza ameshatoka, amerudi shule, anakaa mezani na wazazi kama zamani.

Itazame asubuhi ile ya kifungua kinywa. Mama yake, anayechezwa na Mary Tyler Moore, amemwandalia slesi za mkate zilizokaangwa kwa mayai. Conrad anasema hana njaa. Mama anachukua sahani papo hapo, anasukumia chakula kwenye tundu la sinki. Basi, imetosha. Hakuna kilio, na bado tumejua nyumba hii ina nini.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike: igiza jitihada za kuficha maumivu. Mtu aliyevurugikiwa kweli hushinda kutwa akijitahidi aonekane mzima. Ukimuuliza hali, "niko sawa" inatoka hata hujamaliza kuuliza. Kwa hiyo ukiwa mazoezini jiulize kijana wako anataka nini kutoka kwa aliye mbele yake. Conrad anautaka upendo wa mama. Ndiyo maana siku mama anarudi kutoka safarini, kijana akainama kumkumbatia na mama akabaki amekakamaa, anayeumia ni mimi niliyekaa kwenye kiti.

Halafu chagua mahali pa kupasuka, upalinde. Siku familia inapiga picha, baba, Donald Sutherland, ameshika kamera, anataka picha ya mama na mwana. Mama anang'ang'ania apewe kamera, apige picha yeye. Anarudia, anarudia tena, mpaka Conrad anafoka: mpe hiyo kamera! Tunashtuka kwa sababu tumeshamwona akimeza mengi. Kilio chenyewe kinakuja mwishoni, usiku, mbele ya daktari wake Berger, anayechezwa na Judd Hirsch. Hapo anakiri kosa lake: yeye aliing'ang'ania mashua, hakuiachia. Kama angekuwa amelia filamu nzima, maneno hayo yangepita bure. Mwaka 1981, akiwa na miaka 20, Hutton alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na hakuna mwanamume mdogo kuliko yeye aliyewahi kuipata kabla yake.

Baba yake mzazi, Jim Hutton, naye mwigizaji, alifariki 1979, miezi michache tu kabla ya filamu kupigwa. Niliposoma hivyo nikadhani dawa ni kufukua msiba wangu. Kila mazoezi nikamkumbuka marehemu kaka yangu kwa makusudi. Wiki ya pili sikuwa nalala, na nilikuwa namjibu mke wangu kwa hasira ya mhusika. Usifanye hivyo na kidonda kibichi, nakusihi. Ukiona uhusika unakufuata nyumbani, mwambie mwongozaji wako siku hiyo hiyo. Wangu alituwekea utaratibu ninaoufuata mpaka leo: mazoezi yakiisha tunanawa uso, tunaitana kwa majina yetu halisi, tunakunywa chai pamoja, na hakuna anayepanda daladala kabla kikombe chake hakijaisha.