Walioshindwa Nao Hufiwa

Swali la wiki lilikuwa: je, upande ulioshindwa vita una haki ya siku yake ya kuomboleza, au ni kufukua makaburi tu? Nakaa Westminster, California, nafanya kazi katika saluni ya kucha ya mama mmoja wa Kivietnam. Jibu langu ni ndiyo.

Kila Aprili 30, Wavietnam wa huku hukumbuka siku ya mwaka 1975 ambapo vifaru vya Vietnam Kaskazini, ya wakomunisti, vilivunja lango la ikulu ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyosaidiwa na Marekani, na vita vikaisha. Mwezi wenyewe wanauita Aprili Nyeusi. Kule Vietnam tarehe hiyohiyo ni sikukuu ya taifa; mwaka 2025, ilipotimia miaka 50, lilipigwa gwaride kubwa. Washindi wana serikali ya kuwaenzi mashujaa wao. Sasa wale wanajeshi wa Kusini zaidi ya 200,000 waliokufa, nani awalilie? Ukuta wa kumbukumbu ya vita hivyo kule Washington una majina zaidi ya 58,000, ila ni ya wanajeshi wa Marekani. Makaburi makubwa ya jeshi la Kusini, kule Bien Hoa, Vietnam, yalibaki mikononi mwa jeshi la washindi hadi 2006, na sanamu ya askari aliyeketi akiomboleza pale mlangoni iliangushwa baada ya vita. Waliokimbia kwa mashua wakazama, hao hawana hata kaburi. Anayesema watu hawa wanafukua makaburi, nami namuuliza: yapi?

Basi hukutana kwenye bustani ya hapa Westminster, penye sanamu iliyozinduliwa 2003: askari wawili, Mmarekani na Mvietnam wa Kusini, bega kwa bega. Wazee huja na sare zao za zamani zilizonyooshwa pasi, wale waliokuwa askari wa miavuli na bereti zao nyekundu. Bendera ya manjano yenye mistari mitatu myekundu hupandishwa, na wimbo wa taifa ambalo halipo tena huimbwa watu wamesimama wima. Mezani kuna matunda. Mtu huinama na vijiti vya udi mkononi, kisha huvichomeka kwenye chungu. Bosi wangu ana kaka yake aliyepotelea vitani. Siku hiyo hufunga saluni mapema, na wateja wa kudumu wanajua, hawapigi simu.

Siasa ndiyo inayonipa taabu. Mwaka 1999 mwenye duka moja la video hapa alitundika picha ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Kaskazini, na maelfu wakajazana nje kupinga, wiki baada ya wiki. Uchungu wao naujua, lakini vijana wanaokwenda Saigon likizo leo wasiitwe wasaliti. Tena kuna akina mama wa Kaskazini ambao hadi leo hawajui wana wao walilala wapi. Ningependa nao watajwe pale bustanini, ingawa najua nikilisema hilo saluni, mazungumzo yatahamia upesi kwenye rangi za kucha.