Mtambo wa kuongoza setilaiti: tununue au tutengeneze?

Vijana wa kompyuta tunao. Kwa nini Uganda tusiandike programu yetu wenyewe ya kuongoza setilaiti? (Msomaji, Mukono)

Swali hili limerudi tena. Kupokea telemetria (vipimo ambavyo setilaiti hutuma ardhini), kuihifadhi, kuchora grafu, kutuma amri, kupiga kengele kipimo kikivuka mpaka: hayo yote yameshaandikwa. Programu za Yamcs na OpenC3 COSMOS zina matoleo ya msimbo huria, na Open MCT ya NASA haiuzwi. Vijana wapeni kazi isiyopatikana dukani: kueleza kila pakiti na kila amri ya setilaiti yenu, na kuandika taratibu za dharura.

PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, bado inapita juu yetu? (Jinja)

Hapana. Iliachiwa kutoka kituo cha anga cha ISS Desemba 2022, na kijisanduku cha sentimita 10 kwenye kimo hicho hakidumu.

Tumenunua programu iliyo tayari. Wakubwa wanataka ibadilishwe ifuate ngazi zetu za idhini, na muuzaji amekubali. Kuna ubaya? (Entebbe)

Muuzaji akatae kwa nini, wakati analipwa kwa kila badiliko? Mkishagusa msimbo wa ndani, toleo jipya haliingii mpaka mabadiliko yenu yarudiwe na kupimwa upya. Baada ya matoleo mawili matatu mnaacha kusasisha, matundu ya usalama yanabaki wazi, na mnajikuta na programu ambayo duniani mnaitumia ninyi peke yenu. Badilisheni ngazi za idhini. Zikigoma, anzieni kwenye mipangilio ya programu. Isipotosha, andikeni skripti, yaani programu ndogo, inayokaa nje ya mtambo. Msimbo uguswe mwisho kabisa, na mkataba umlazimishe muuzaji kuliingiza badiliko hilo kwenye bidhaa anayowauzia wote.

Msidhani fedha zinaokoa. Marekani ilisaini mkataba wa OCX, mtambo wa ardhini wa GPS, mwaka 2010. Kufika 2016 gharama zilikuwa zimevuka kiwango ambacho sheria yao inataka Bunge lijulishwe. Setilaiti ya kwanza ya kizazi cha GPS III iliporuka Desemba 2018, OCX ilikuwa haijawa tayari kuziendesha setilaiti hizo, ikabidi mfumo wa zamani utiwe viraka.

Kwenye zabuni tuandike nini? (Kampala)

Kwanza, msinakili mtambo wa zamani na kuuita mahitaji. Andikeni kazi itakayofanywa, mkitenga ya lazima na ya kupendelea. Pili, kila mzabuni apewe faili moja la telemetria halisi aonyeshe programu yake ikilisoma mbele yenu; kigezo hicho kiwemo kwenye hati ya zabuni tangu mwanzo, la sivyo mtakatiwa rufaa chini ya sheria ya ununuzi wa umma (PPDA). Tatu, hifadhidata ya telemetria na amri iwe mali ya serikali, katika XTCE, muundo wa pamoja wa kueleza telemetria na amri, ili mkiachana na muuzaji msianze sifuri. Usimbaji fiche wa amri na usalama wa mtandao viingie sasa. Kuviongeza baadaye ni kujenga upya. Malipo yafuate majaribio, siyo kalenda. Jaribio la mwisho liwe mtambo mpya kwenda sambamba na wa zamani, mpya ukisikiliza tu bila kutuma amri, na mzime umeme setilaiti ikiwa inapita juu yenu muone kitakachopotea.

Muuzaji anatoa matengenezo ya mwaka wa kwanza bure. Tukubali? (Mbale)

Ulizeni bei ya mwaka wa pili hadi wa kumi kabla ya kusaini. Leseni, mfumo endeshi na hifadhidata kila kimoja kina ratiba yake ya kufa, nanyi mnahitaji mashine ya pili ya kujaribia masasisho. Fungu hili lisipokuwa kwenye bajeti ya kila mwaka, msinunue.

Antena yetu inaikosa setilaiti ikiwa juu kabisa, pembeni inaishika. Tubadilishe mota? (Gulu)

Saa kwanza! Setilaiti ya kimo cha kilomita 400 hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kompyuta ikikosea sekunde tano, utosini mnakosa kwa takriban nyuzi tano. Karibu na upeo wa macho kosa hilo halionekani. Fungeni kipokezi cha GPS cha kurekebisha saa, kisha pakueni vipimo vya mzingo vya leo. Mota iangaliwe baada ya hapo, hasa kama setilaiti inapita utosini kabisa: hapo antena ya mihimili miwili hutakiwa kugeuka haraka kuliko inavyoweza.