Mama Samweli asiye na Samweli

"Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 38, ninaishi Morogoro, ni fundi cherehani na nilifunga ndoa kanisani miaka 11 iliyopita. Sijajaliwa mtoto. Miaka 6 iliyopita, mzee mmoja wa maombi alisimama katika jumuiya yetu akatangaza kwamba tangu siku ile niitwe Mama Samweli kwa imani, na mtoto atakuja kulifuata jina. Jina likashika mtaa mzima, mtoto hajaja. Wageni huniuliza Samweli yuko darasa la ngapi. Mimi ndiye ninayeshona magauni ya ubatizo ya watoto wa usharika wetu, lakini Jumapili ya ubatizo hubaki nyumbani nikisingizia kuumwa kichwa. Mume wangu hanisemi vibaya, ila hataki kwenda kupimwa, na mawifi wamekwisha kuanza maneno. Je, nikilikataa jina hilo nitakuwa nimekosa imani? Na nikilivua, mimi ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonishika zaidi ni kitu ambacho pengine hukukusudia nikione. Umeweka sahihi "Mama Samweli asiye na Samweli", kisha chini yake, kwa herufi ndogo na ndani ya mabano, ukaandika jina lako mwenyewe. Jina hilo silichapi hapa, lakini ndilo nitakalolizungumzia.

Nianze na desturi yetu, kwa maana siibezi. Kwetu mwanamke akizaa huvishwa jina jipya, na kumwita mtu Mama fulani ni kumheshimu. Hata hivyo heshima hiyo ina namna yake ya kummeza mtu. Mimi nimeitwa kwa jina la mwanangu wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka jana, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, muuguzi aliita jina langu kamili mara mbili nami nikageuka huku na huku kumtafuta huyo mgonjwa asiyeitika. Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka tena. Kwa hiyo usidhani kwamba sisi tulio na watoto swali lako tumekwisha kulijibu. Wengi wetu tumelifunika tu.

Watakuwapo watu wema watakaokuambia kwamba thamani yako iko katika kazi yako, kwamba wewe ni fundi hodari na magauni yako ndiyo watoto wako. Sikubaliani nao, ingawa kazi ya mikono yako ni ya kusifiwa. Ukikubali kupimwa kwa cherehani utakuwa umebadilisha mizani tu, wala hukuondoka kwenye mizani. Macho yatachoka, fundi mwingine atafungua duka ng'ambo ya barabara, na swali litarudi pale pale.

Fikiri badala yake juu ya yule anayevaa gauni unaloshona. Unaijua kazi hiyo kuliko mimi: kitambaa cheupe, lesi shingoni, pindo la kuachia kwa sababu mtoto hukua kati ya siku ya kupimwa na siku yenyewe. Mtoto analetwa mbele amelala au analia. Hajafanya lolote, hajui hata kusema asante, na hakuna anayeuliza atazaa wangapi. Mchungaji anataja jina lake, anammiminia maji, na hapo hapo mtoto huyo ni wa Mungu. Wewe nawe ulibebwa hivyo. Katafute cheti chako cha ubatizo, nadhani umekihifadhi pamoja na cheti cha ndoa, ukisome taratibu: lipo jina lako na la wazazi wako, wala hakuna mstari uliobaki wazi ukisubiri jina la mtoto ndipo cheti kikamilike. Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, katika kitabu chake cha mafundisho, Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anafundisha kwamba dhambi na dhamiri zikitusumbua tujibu, "Hata hivyo nimebatizwa." Ni jibu fupi, na nimeona likiwasaidia watu ambao mahubiri marefu yalikuwa yamewashinda.

Najua umehubiriwa habari za Hana, yule mwanamke tasa wa Biblia aliyemwomba Mungu mtoto, hadi umechoka, tena kwa namna inayofanya Samweli awe ndiye utimilifu wa mama yake. Rudi usome tena sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza, uangalie mpangilio wa mambo. Hana analia, anakataa kula, anamimina moyo wake hekaluni hata kuhani Eli anamdhania amelewa. Kisha anaondoka, anakula chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Huo ni mstari wa 18. Mimba inatajwa katika mstari wa 20. Uso wake ulirudi kabla tumbo halijajua lolote, na hilo ndilo ningependa lihubiriwe siku moja. (Elkana naye, aliyemwuliza mkewe kama yeye si bora kuliko watoto kumi, tumsamehe; alikwisha kuwa na watoto kwa Penina, mke wake mwingine, na maneno hayo yalimgharimu kidogo.)

Kuna na habari nyingine isiyosomwa sana jumuiyani. Katika Luka 11, mwanamke mmoja alipaza sauti katikati ya mkutano akalisifu tumbo lililomzaa Yesu na matiti aliyonyonya. Alisema kama ambavyo wanawake wa kwetu wangesema. Yesu akamjibu kwamba heri hasa ni yao walisikiao neno la Mungu na kulishika. Hakumdharau mama yake hata kidogo, bali alikataa heri ya mwanamke ifungwe kwenye uzazi. Na pale msalabani, Marko anawataja wanawake kwa desturi ileile tuliyo nayo sisi: mmoja ni Mariamu mama yao Yakobo na Yose. Mwenzake ni Mariamu Magdalene, anayetambulishwa kwa mji wake, wala hatuambiwi habari ya mume wala mtoto. Huyo ndiye aliyekutana na Yesu bustanini asubuhi ya ufufuo, akamdhania ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa neno moja tu, "Mariamu." Alimtambua kwa kuitwa jina lake.

Sasa swali lako la imani. Mtu atakukumbusha kwamba Abramu aliitwa Abrahamu, baba wa mataifa, kabla Isaka hajazaliwa. Ni kweli, lakini jina lile alipewa na Mungu mwenyewe, si na jirani. Sisemi kwamba yule mzee ana nia mbaya. Nasema alikutwika mzigo ambao yeye haubebi, kwa kuwa anayeulizwa darasa la Samweli ni wewe. Kuutua si kumkana Mungu. Wala sikuambii uache kutamani mtoto au uache kuomba, maana imani haimdai mtu asiumie.

Mfuate kwanza mama kiongozi wa jumuiya, mkiwa wawili, kisha mwombe nafasi kabla ya sala ya kufunga. Sema hivi, au karibu na hivi: "Nawashukuru kwa kuniombea na naomba mwendelee. Lakini naomba tangu leo mniite kwa jina nililobatizwa." Usieleze zaidi ya hapo. Watasahau mara nyingi. Warekebishe kwa upole, na mumeo awe wa kwanza kulizoea.

Kwa mumeo nitasema machache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba maishani mwake, na sababu zaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume au kwa wote wawili. Mwanamume hupimwa mbegu, kipimo kisicho na kisu. Mwambie kwamba kumwachia mkewe abebe lawama asiyoijua chanzo chake hakufanani na kiapo alichokula madhabahuni, na maneno ya dada zake ayajibu yeye, si wewe.

Jumapili ya ubatizo inayokuja, nenda. Kama utalia, lia. Kaa pembeni ukitaka, ila mahali ambapo utasikia majina yakitajwa. Kisha niandikie, na safari hii jina lako lisiwe ndani ya mabano.