Maswali na Majibu: Farasi Hapimwi Kichwani

Wiki hii maswali ni ya farasi matupu. Likizo imefika, watoto wamepandishwa farasi ufukweni, na wazazi wamerudi nyumbani na mabishano.

Urefu wa farasi unapimwa hadi kichwani au wapi? Tumebishana mpaka usiku. (Tabata)

Si kichwani. Akila majani angekuwa mfupi, akishtuka angekuwa mrefu. Hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye kinundu kilicho kati ya mabega, pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza. Asimame kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, akikanyaga kwa miguu yote minne.

Na tafadhali, si kwa futi ya fundi cherehani! Nilimshuhudia bwana mmoja akiilaza ubavuni mwa farasi, ikapanda na kushuka na tumbo, akapata sentimita sita za bure. Tulimwita seremala wa Keko akapiga mbao mbili kama herufi T iliyokatwa upande mmoja, akaweka pima maji juu ya ule wa mlalo. Farasi akapungua papo hapo, na mwenyewe akanuna.

Nimesoma kuwa farasi mzuri ana mikono 15. Ni kweli? (Mbagala)

Swali hili linanirudia kila mwaka, na kosa ni la wanaotafsiri bila kufikiri. Mkono wa Mswahili ni dhiraa: kiwiko hadi ncha ya kidole, yaani shubiri mbili, kama inchi 18. Bibi zetu walipimia kitambaa hivyo, na mikono minne ni pima moja. Farasi wa mikono 15 angekuwa na karibu mita saba. Twiga mwenyewe hafiki huko.

Kipimo cha Waingereza ni upana wa kiganja pamoja na dole gumba, nacho kimewekwa kuwa inchi 4, sawa na sentimita 10.16. Basi semeni viganja. Viganja 15 ni inchi 60, sentimita 152 na kidogo. Tuna maneno ya vipimo kuliko wengi, halafu tunaazima kwa kukosea.

Muuzaji ameniandikia farasi wake ni 14.5. Hiyo ni nusu? (Kigamboni)

Huyo usimpe hata senti. Nukta hapo si desimali: 14.2 ni viganja 14 na inchi 2, jumla inchi 58. Baada ya 14.3 inakuja 15, kwa hiyo 14.5 haipo.

Ukienda kumwona, uliza pia kama amevaa viatu vya chuma. Kwenye mashindano ya kimataifa poni, yaani farasi wa aina fupi, asizidi sentimita 148 bila viatu, au 149 akiwa navyo, na kwa sababu ya sentimita hiyo moja watu huchonga kwato kupita kiasi, wengine humfundisha mnyama ajikunyate kijiti cha kupimia kikimgusa. Tena hujaniuliza, lakini nakuambia: urefu hautamkinga na mbung'o wala na visubi waletao ugonjwa wa farasi. Zungumza na daktari wa mifugo kabla ya kuzungumza bei.

Poni ni mtoto wa farasi? (Sinza)

Hapana, na nimeshajibu mara tatu.

Mbona farasi wa Kiarabu wengine ni wafupi kuliko poni, lakini wanaitwa farasi? (Kariakoo)

Kwa sababu ukoo nao unahesabika, si kijiti peke yake. Wanaocheza polo nao humwita poni hata mnyama aliyepita viganja 15, na hakuna anayewakamata.

Farasi mrefu kuliko wote? (Ilala)

Sampson wa Uingereza, aliyezaliwa 1846: viganja 21 na inchi mbili na nusu, karibu sentimita 220.

Punda wangu wa kubeba maji napimaje? (Chanika)

Hivyohivyo. Ila mshushe madumu kwanza.