Pawasaplai Inayoitia Redio Makelele: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Assalaam aleikum mafundi. Naishi Langoni, Lamu, nina kibali cha redio ya ridhaa. Nilipokuwa natumia betri, bendi ya mita 40 ilikuwa safi. Tangu niweke pawasaplai ya swichi ya volti 13.8, ampea 30, sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi haishuki chini ya alama ya S7, na nikizungusha kidogo nakutana na mvumo mwingine. Antena yangu ni waya wa mita 20 unaolishwa nchani, juu ya dari. Nimebana feraiti moja (kipande cheusi cha sumaku cha kukaba makelele) kwenye waya wa umeme, haikufaa. Niirudishe dukani?

Waaleikum salaam. Usiirudishe bado. Mivumo hiyo inayopishana kwa nafasi sawa ndiyo inayotaja chanzo chake. Pawasaplai ya swichi hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kuwa kila mkato ni wa ghafla, huzaa masafa mengine yanayopanda kwa hatua ileile hadi megahezi nyingi. Chukua inayokata kwa kilohezi 65: mara 108 ni 7020, mara 109 ni 7085, mara 110 ni 7150. Yote matatu yameangukia ndani ya bendi yetu ya mita 40, kilohezi 7000 hadi 7200. Pima nafasi kati ya mvumo na mvumo, nawe utaweza kuitofautisha pawasaplai yako na chaja ya simu iliyo chumba cha pili, maana mara nyingi kila moja ina hatua yake. Mvumo wenyewe ni mpana, una mtetemo wa hezi 100, na huhamahama pawasaplai inapopata moto. Radi za mbali hukwaruza kwa vipindi na hazina hatua.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Washa redio kwa betri, zima meni swichi ya nyumba, andika sindano inasoma wapi. Rudisha breka moja moja, pawasaplai ikiwa haijachomekwa. Kisha ichomeke bila kuiunganisha na redio. Sindano ikipanda hapo, makelele yanatoka kwa waya wa umeme na kuifuata antena. Ikipanda pale tu unapounganisha nyaya za volti 13.8, njia ni hizo. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo sababu watu hujaza feraiti mahali pasipo na tatizo. Langoni nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo ikiwa meni imezimwa na sindano bado iko juu, chanzo kiko kwa jirani na pawasaplai yako haina hatia.

Sasa, kwa nini ile feraiti ya kubana imeshindwa? Ndani ya boksi, transista inayokata umeme imeegemea bati la kupozea, na nyuzi za transfoma zimelaliana. Kila mkato hurusha umeme kidogo kuvuka mapengo hayo, ukatoka kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, ukielekea upande mmoja. Waya mzima ukawa antena. Feraiti huukaba umeme huo wa pamoja, na nguvu ya kukaba hukua kwa mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe: mizunguko 3 ni mara 9, mizunguko 8 inakaribia mara 64. Ya kubana ina pito moja tu, na kwenye megahezi 7 hiyo ni makumi ya omu, ilhali unahitaji maelfu.

Tafuta pete ya FT240-31, yenye upana wa milimita 61 nje na 35 ndani. Namba 31 ni aina ya feraiti, na kwa mita 80 na 40 ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Namba 43 inafaa bendi za juu zaidi. 61 si ya kazi hii. Pitisha waya wa umeme mara 8. Plagi ya pini tatu haipiti tunduni, kwa hiyo ifungue, zungusha, kisha uirudishe ukihakikisha waya wa kijani na manjano umekaa kwenye pini ndefu. Panga mizunguko ubavu kwa ubavu na uache pengo kati ya wa kwanza na wa mwisho, kwani ikilaliana makelele huruka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupita feraiti. Pete ikae karibu kabisa na boksi.

Nyaya za volti 13.8 zipewe pete yake, mizunguko 6 au 7, chanya na hasi zikiwa zimelazwa ubavu kwa ubavu na kupita pamoja. Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Redio ya wati 100 huvuta ampea 20 na zaidi unapobonyeza maiki. Nyaya zikipita pamoja, sumaku ya moja huifuta ya mwenzake. Ukipitisha chanya peke yake, feraiti hushiba sumaku na huacha kukaba. Tumia waya wa milimita za mraba 6: mita moja na nusu ya ziada kwa kila waya itakula volti 0.2 kwa ampea 22. Wa 2.5 utakula karibu volti 0.5, na redio itaanza kulalamika. Kwenye vituo vya kutokea weka kapasita za seramiki, nanofaradi 100 na nanofaradi 10, kutoka chanya hadi hasi, miguu imekatwa mifupi kadiri inavyowezekana. Mguu mrefu huzuia masafa yale yale unayotaka yapite humo.

Ikiwa pawasaplai ina kitufe cha kusogeza mvumo, jua kwamba kinausogeza tu, hakiuondoi. Kinakufaa ukikaa kwenye masafa mamoja.

Na hiyo antena. Waya unaolishwa nchani hutafuta nusu yake nyingine, na isipopewa huichukua kwenye ganda la kebo, iliyoshuka hadi katikati ya makelele ya nyumba. Ukipata nafasi juu ya mapaa, weka daipoli, yaani antena inayolishwa katikati, yenye mikono ya mita 10 kila upande, na kwenye sehemu ya kulishia zungusha kebo ya antena aina ya RG-58 mara 11 au 12 kwenye pete nyingine ya 31. Kama nafasi hakuna, uongezee waya wako mkia wa mita kadhaa pale inapoanzia kebo, na ile pete uiweke kebo inapoingia nyumbani.

Nipo Muyeye, Malindi. Nina paneli mbili za sola na kontrola ya MPPT, ile inayochaji betri kwa kuvuna nguvu yote ya paneli. Mchana mita 40 na 20 zimefunikwa na mvumo, jua likizama kimya. Nifanyeje?

Umeshajijibu nusu. Kontrola ya MPPT nayo ni pawasaplai ya swichi, na nyaya za paneli zilizopanda hadi bati la paa, kila moja ikipita njia yake, ni antena nzuri ya kurushia. Zisokote chanya na hasi pamoja kutoka paneli hadi kontrola. Weka pete moja ya 31 upande wa paneli na moja upande wa betri, zote zikigusana na kontrola, na waya wa betri uwe mfupi. Kagua na viungo vya juu: chumvi ya bahari huvila, na kiungo kilicholegea hutoa cheche ambazo feraiti haizitibu.

Yakibaki makelele, dawa ya uhakika ni kukata paneli wakati wa kusikiliza. Tumia breka iliyoandikwa kuwa ni ya DC, kwa sababu cheche ya DC haizimiki yenyewe kama ya umeme wa nyumba. Kata upande wa paneli, kamwe usianze na betri. Kontrola nyingi huharibika paneli zikiilisha bila betri.

Fundi wa kompyuta hapa Lamu amenipa pete za rangi ya manjano na nyeupe kutoka pawasaplai za zamani. Zitafaa?

Hapana. Hizo ni za unga wa chuma, zimetengenezwa kulainisha umeme wa DC ndani ya pawasaplai. Ukabaji wake kwenye megahezi 7 ni hafifu mno. Ukipata pete nyeusi isiyo na alama usiiamini kwa sura tu: izungushie waya, ujaribu, na sindano ikuambie.

Nipo Shela, Lamu. Nimefunga soketi yenye filta kwenye bati la pawasaplai. Makelele yamepungua kidogo, lakini nikigusa bati nahisi umeme unanitekenya. Nyumba ni ya zamani.

Ndugu yetu, ichomoe sasa hivi. Dalili hiyo inasema athi ya soketi ya ukutani haipo au imekatika. Ndani ya filta kuna kapasita mbili za aina ya Y, moja kutoka waya wa moto na moja kutoka nyutro, zote zinaishia kwenye bati. Bila athi, bati huelea kwenye nusu ya volti 240, yaani 120. Kapasita ya nanofaradi 4.7 hupitisha takriban miliampea 0.35, ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini siku kitu kikipiga shoti ndani, bati lote litakuwa waya wa moto. Tena filta isiyo na athi haina pa kumwaga makelele, ndiyo maana yamepungua kidogo tu.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aipime athi. Fimbo ipigiliwe penye unyevu, kwani ardhi kavu ya matumbawe hupitisha umeme vibaya, na usiweke fimbo ya redio peke yake bila kuiunganisha na ya nyumba. Athi ikishakaa sawa, kwangua rangi pale filta inapogusana na bati, chuma kwa chuma. Ukibadilisha kapasita, kati ya moto na nyutro iwe imeandikwa X2, na inayokwenda kwenye bati Y2. Za kawaida, hata za volti 400, zikiharibika zinaweza kupiga shoti. Na ukifungua boksi, chomoa kwanza, subiri, kisha pima kwa mita kabla mkono haujaingia: kapasita kubwa ya upande wa meni huweza kubaki na volti 340 hata plagi ikiwa mezani.