Mlima Elgon: Soma Mimea, Achana na Simu

Mara ya kwanza kupanda Mlima Elgon nilivaa suruali ya jinsi. Nimelelewa Kitale, mlima huo nimeuona kila asubuhi nikienda shule, na nadhani hapo ndipo nilipoponzeka. Tena Elgon haukuchongoka kama Mlima Kenya. Ni volkano ya kale iliyozimika, imejitandaza kitako cha kilomita 80 hivi, ukiutazama kutoka sokoni unaona kilima tu.

Hesabu niliyoiruka ni hii: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Kitale iko mita 1,900 hivi. Koitobos, kilele tunachopanda upande wetu wa Kenya, ni mita 4,222. Toa nyuzi 14, halafu ongeza upepo.

Askari wa hifadhi aliyetusindikiza alinitazama miguu akacheka. "Kijana, hiyo suruali itakunywa maji kukushinda." Saa saba mchana ukungu ukashuka, mvua ikafuata, simu ikazimika kwa baridi. Nikamuuliza, "Mzee, tumefika wapi?" Akanionyesha majani.

Siku hizi napanda hivyo: mimea ndiyo inayoniambia nimefika wapi. Kwenye msitu wa mitarakwa na podo, mbega wakirukaruka juu, shati latosha. Ukiona mianzi, vaa sweta kabla baridi haijakuuma, na shika fimbo maana matope ya humo yanateleza vibaya. Mianzi ikiisha unaingia vichaka vyenye ndevu za kijivu. Hapo huna tena mti wa kujikinga, kwa hiyo koti la mvua liwe limeshatoka kwenye begi.

Halafu unakutana na mimea ya lobelia na senesio iliyokuzidi kimo. Senesio haiangushi majani yake makavu, huyaacha yamelizunguka shina yalikinge na baridi kali ya usiku. Nilipenyeza vidole humo: nje maji yanachuruzika, ndani pakavu kabisa. Mmea ulikuwa umevaa vizuri kuliko mimi!

Nenda kati ya Desemba na Februari, na uondoke alfajiri. Kilele kikifungwa na ukungu, geuka. Sisi tuligeukia karibu na ukingo wa kaldera, lile shimo kubwa la volkano huko juu, ambamo mto Suam huanzia safari yake ya kwenda Turkana.

Ile jinsi ilikaa kwenye kamba siku tatu kabla ya kukauka.